Kongamano la anthropolojia: namna ya kupendekeza kikao na mada

Naandika nikiwa Kakamega, mji wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichoanza mwaka 1972 kama chuo cha WECO na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Vijana wetu wanaosoma huku huniuliza swali moja: mtu akiona tangazo la kongamano la anthropolojia, aanzie wapi? Nimeona jibu liwafae na wengine.

Anthropolojia ni elimu ya watu: wanavyooa, wanavyozika, wanavyoabudu na wanavyogawana mali. Sisi si wageni kwayo, kwani tumeandikwa sana. Maulidi ya Lamu yameandikwa, pepo na ngoma zake zimeandikwa, na kaya za Wamijikenda, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, zimeandikwa. Lakini mara nyingi majina ya wazee wetu huishia kwenye ukurasa wa shukrani, na anayesimama kusema ni mwingine. Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Anayependekeza kikao ndiye anayechagua swali, na anayechagua swali huamua nusu ya jibu.

Makongamano yenyewe

Umoja wa kimataifa wa wanaanthropolojia, IUAES, uliundwa mwaka 1948. Leo uko ndani ya umoja mpana zaidi uitwao WAU, uliokutana Johannesburg Novemba 2024. Bara letu lina chama chake, PAAA, kilichoasisiwa Yaoundé, Kamerun, mwaka 1989. Kwa anayetaka kusema kwa Kiswahili, liko kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, ambako mada husomwa kwa lugha yetu bila ya kuomba radhi.

Milango miwili

Makongamano makubwa huita watu mara mbili. Mwito wa kwanza ni wa vikao: mtu mmoja au wawili hupendekeza jambo la kujadiliwa na kujitolea kukisimamia kikao. Vikao vikishapitishwa hutangazwa, kisha huja mwito wa pili, wa mada. Hapo kila mtu huchagua kikao kinachomfaa na kutuma muhtasari wake. Wengi wetu husubiri mwito wa pili, wakakuta vikao vyote vimeshapangwa na wengine.

Pendekezo la kikao huwa na kichwa cha habari, maelezo mafupi ya sentensi moja au mbili, na maelezo marefu ambayo mara nyingi hayazidi maneno 250. Kikao kimoja hubeba mada tatu hadi tano, kila moja dakika 15 au 20, na muda wa maswali. Ni vizuri wasimamizi wawe wawili kutoka taasisi mbili tofauti, na baadhi ya makongamano huweka sharti hilo. Pia mtafute mchambuzi atakayesoma mada zote kabla na kuzijadili mwishoni.

Mfano wa hapa hapa

Tuseme unataka kikao juu ya Pwani iliyoko bara. Mumias haiko mbali na hapa. Misafara ya biashara kutoka Pwani ilifika kwa Wawanga karne ya 19, na Uislamu ukafuata njia hiyo hiyo. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 alifuata njia ambayo wafanyabiashara wa Pwani walikwisha kuijua. Nabongo Mumia alitawala hadi alipofariki mwaka 1949, na waislamu wa Mumias wapo hadi leo.

Ukiandika, "Kikao hiki kinahusu historia ya Uislamu Mumias," umetaja mahali tu, hujauliza kitu. Andika hivi: "Ni nani huitwa Mswahili Mumias, nani humwita hivyo, na jina hilo humpa au humnyima nini katika ardhi, ndoa na uongozi wa msikiti?" Sasa wa Ujiji, wa Kisangani na wa Muscat wanaweza kuleta mada zao, kwa sababu swali ni lao pia. Kikao kizuri kina sehemu moja na swali la wengi.

Muhtasari wa mada

Muhtasari una kazi nne: useme swali lako, useme ni wapi na kwa watu gani, useme umejuaje, kisha useme hoja yako. Wengi huandika tatu za mwanzo na kuahidi kwamba hoja itapatikana kongamanoni. Wachaguzi huziona ahadi hizo kila siku. Kama umekaa na mafundi wa majahazi miezi sita, sema miezi sita. Kama umezungumza na watu wanane, sema wanane. Idadi ndogo iliyosemwa kweli ina uzito kuliko "wakaazi wengi".

Vibali na amana

Hapa Kenya utafiti huhitaji kibali cha NACOSTI. Iko pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu. Lakini kabla ya karatasi, maneno ya mzee ni amana. Muulize kama jina lake litajwe au lifichwe. Kama maarifa ni yake na ameridhia, kwa nini asiandikwe pamoja nawe kuwa mwenye mada?

Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa hapa Kakamega iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na orodha hiyo haipokei jambo bila ya ridhaa ya wenyewe. Wasomi nasi tushikilie sharti hilo hilo.

Gharama na matapeli

Ada, tiketi na viza ni mzigo. Soma tangazo lote: mengi yana punguzo kwa wanafunzi na kwa wanaotoka nchi zenye kipato kidogo, na mengine huruhusu kusoma mada kwa njia ya mtandao. Omba msaada mapema, kwani mafungu huisha kabla ya tarehe ya mwisho.

Jihadhari pia. Kongamano linalokuandikia lenyewe, likakukubali siku moja bila ya swali, kisha likadai ada kwa haraka, mara nyingi ni biashara tu. Angalia ni chama gani kinaliandaa, na muulize mwalimu wako kabla ya kutuma pesa.

Tangazo likitoka, tafuteni wenzenu watatu, andikeni swali moja kwenye karatasi, mlisome mbele ya mzee mmoja anayehusika. Akisema, "Hilo ndilo linalotusumbua," kikao mnacho. Wabillahi tawfiq.