Ungwana ni wa nani? Mbotela na safari ya neno moja

Mwanafunzi wangu mmoja alinitega kwa swali juzi. Tulikuwa tukijadili nafasi ya redio na runinga katika kukuza Kiswahili nchini, nikamtaja Leonard Mambo Mbotela, aliyetuacha tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84. Kijana akainua mkono: “Prof, si huyo ndiye aliyetangaza mapinduzi ya 1982? Sasa huo ulikuwa ungwana kweli?” Darasa likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini swali lenyewe nililibeba hadi nyumbani.

Nianze na neno lenyewe. Tunapomwita mtu muungwana leo, twamaanisha kwamba ana adabu na utu. Sivyo neno hili lilivyoanza. Katika miji ya pwani ya kale, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye nasaba inayojulikana, na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Ungwana ulikuwa hadhi ya kurithi. Mtumwa angeweza kuwa mpole na mkarimu kuliko bwana wake, na bado asiitwe muungwana.

Hata hivyo, walionyimwa neno hili hawakukoma kulitamani. Katika karne ya 19, wapagazi wa misafara iliyotoka pwani kwenda bara walijiita waungwana, ilhali wengi wao walikuwa watumwa au watu waliowahi kuwa watumwa. Waliofika mashariki mwa Kongo waliacha alama hadi katika jina la lugha: Kiswahili cha huko kikaja kuitwa Kingwana. Kumbe neno hili limegombaniwa kwa miaka mingi.

Sasa tumrudie Mbotela. Alizaliwa mwaka wa 1940 huko Frere Town, Mombasa. Anayepita Kengeleni akielekea Nyali huenda asijue kwamba kengele iliyolipa eneo hilo jina ni ya makao yaliyoanzishwa na wamishenari wa Church Missionary Society mnamo 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mbotela alitokana na watu hao. Ni katika ukoo huohuo alimotoka James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa 1934. Humo tunasimuliwa kisa cha watu waliotekwa bara, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa na manowari ya Waingereza na hatimaye kuletwa Frere Town. Kwa vipimo vya waungwana wa kale, hao hawakuwa na nasaba ya kujivunia. Walikuwa mateka tu.

Ajabu ni kwamba mjukuu wa mateka hao ndiye aliyekuja kuwauliza Wakenya wote kuhusu ungwana! Mbotela alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka wa 1964, nchi ikiwa ingali changa. Alisoma taarifa za habari, akatangaza kandanda kwa mbwembwe zilizomfanya msikilizaji aone mpira kwa masikio, na mnamo 1966 akaanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichodumu kwa zaidi ya nusu karne na kufika hadi kwenye runinga. Hakikuwa kipindi cha mambo makubwa. Kilihusu vijitabia vyetu vya kila siku, vile ambavyo hakuna sheria inayovikataza ila moyo unajua si sawa. Mtangazaji hakuhukumu. Alisimulia, akauliza, akakuachia swali ujijibu mwenyewe.

Angalia alichokifanya katika lugha. Swali lake halikujali wewe ni mwana wa nani. Lilikuuliza umetenda nini. Wahenga walikuwa wamekwisha kusema kwamba muungwana ni kitendo, kwa hivyo sitadai kuwa Mbotela peke yake ndiye aliyeligeuza neno. Lakini wengi wetu tuliokulia mbali na bahari hatukulipata neno hili kwa waungwana wa Lamu wala Mvita. Tulilipata redioni, likiwa limekwisha kuvuliwa joho la nasaba. Wapo wanaoshikilia kwamba umbo sahihi ni “uungwana”. Hewaa, lakini “ungwana” ndilo lililokita mizizi vinywani mwa Wakenya, na twajua lilipandwa na nani.

Nalijia sasa swali la kijana. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 nilikuwa na umri wa miaka 21, niko nyumbani Wundanyi, tunajiandaa kwenda kanisani. Redio ikasema kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Mama akaketi kitako. Nikamwambia baba, “Huyo ni Mambo Mbotela.” Mzee akatega sikio kwa muda, kisha akasema, “Sauti ni yake, mwanangu. Maneno si yake.”

Mzee hakukosea. Wanajeshi waasi wa kikosi cha wanahewa, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walikuwa wamemtoa Mbotela nyumbani kwake na kumpeleka studioni asome walichotaka kisomwe. Kabla ya siku kuisha, wanajeshi watiifu kwa serikali walikuwa wameikomboa stesheni. Baadaye Mbotela alihudumu katika kitengo cha habari cha rais huyohuyo aliyekuwa ametangaza kuanguka kwake.

Je, ulikuwa ungwana? Jibu langu ni kwamba swali hilo humfaa mtu aliye huru kuchagua. Asubuhi ile mjukuu wa mateka alikuwa mateka. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyeshika bunduki. Na kama twataka kumpima Mbotela, tumpime kwa maelfu ya siku alizokuwa huru mbele ya kipaza sauti, asitumie uhuru huo kumtusi wala kumdhalilisha mtu.

Hapo ndipo ninapowageukia wasomaji wa taarifa katika runinga zetu leo. Hawasukumwi na bunduki. Wana sura zinazotambulika barabarani na mamilioni ya wafuasi mitandaoni. Baadhi yao hukitumia Kiswahili kwa ufundi wa kupendeza, ila wapo pia wanaodhani utamu wa habari ni misemo ya kubuni, kelele na kumkatiza mgeni kabla hajamaliza sentensi. Mbotela alituachia neno lililokuwa mali ya wachache likawa mali ya yeyote anayetenda vyema. Wiki ijayo nitamrudishia yule kijana swali lake, lakini nitamwomba aliulize akiwa mbele ya runinga, saa moja jioni.