Kauli ya Kutendwa katika Vishazi Tegemezi vya Kiingereza: Amri Isiyoitazama Sentensi Nzima

Amri ya kuepuka kauli ya kutendwa katika Kiingereza imepata umaarufu kuliko hoja zilizoizaa. William Strunk aliiandika katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1918, George Orwell akaiingiza mwaka 1946 miongoni mwa kanuni za makala yake juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, E. B. White akakihuisha kitabu cha Strunk mwaka 1959, na vizazi vya wanafunzi wa Marekani vikalelewa nacho. Leo amri hiyo imo katika madarasa ya sekondari ya Afrika Mashariki, na imo pia katika programu za kompyuta zinazokipigia mstari kila kitenzi cha aina hiyo. Wapinzani wake nao wapo. Mwanaisimu Geoffrey Pullum ameonyesha kwamba kati ya mifano minne ambayo Strunk na White wanaitoa kuitetea, ni mmoja tu ulio katika kauli ya kutendwa kweli. Orwell mwenyewe, katika makala ileile, anaitumia kauli hiyo bila haya.

Mjadala huu, hata hivyo, kwa kawaida huendeshwa kwa mifano ya sentensi sahili: nani alivunja dirisha, nani alipika chakula. Dai langu ni kwamba ndani ya kishazi tegemezi swali hubadilika. Hapo uteuzi kati ya kutenda na kutendwa hauongozwi sana na haja ya kumtaja au kutomtaja mtendaji. Unaongozwa zaidi na namna kishazi hicho kinavyofungamana na kishazi kikuu. Anayekitazama kitenzi peke yake atafuta kilicho sawa na kuacha chenye kasoro.

Tuanze pale ambapo hakuna hiari. Katika sentensi "The trader left the country before being arrested", kishazi tegemezi hakina kiima chake. Kinaazima kiima cha kishazi kikuu, yaani mfanyabiashara. Katika vishazi vya namna hii, Kiingereza huruhusu nafasi ya kiima tu ibaki wazi, si ya yambwa. Mfanyabiashara ndiye aliyeandamwa na polisi, basi hana budi kupandishwa awe kiima, na njia ya kumpandisha ni kutendwa. Mwanafunzi akitii amri na kuandika "before arresting", mfanyabiashara amegeuka askari. Ndivyo ilivyo kwa "The patient refused to be moved" na "She hopes to be chosen". Katika Kiswahili pia mgonjwa hukataa kuhamishwa, na hakuna mwalimu ambaye angemshauri mwanafunzi aandike kwamba mgonjwa alikataa kuhamisha. Mtu anaweza kuipanua sentensi na kuandika "before the police arrested him", na si kosa. Ila amemleta mhusika mpya, polisi, katika habari ambayo haikuwa yao.

Vishazi rejeshi vina habari zaidi, kwa kuwa hapo hiari ipo. Mwaka 1977 Edward Keenan na Bernard Comrie walichapisha utafiti uliolinganisha lugha nyingi na kuonyesha kwamba kiima ndicho chepesi kuliko vyote kurejeshewa. Katika Kimalagasi, lugha ya jirani zetu wa ng'ambo ya bahari, kiima tu ndicho kinachoweza kurejeshewa kwa njia ya kawaida. Anayetaka kusema habari za nguo alizofua mwanamke lazima ageuze kitenzi kwanza ili nguo ziwe kiima. Kiingereza hakibani hivyo. Unaweza kusema "the boy the teacher punished" na unaweza kusema "the boy who was punished by the teacher". Je, wenyeji wa lugha huchagua lipi?

Silvia Gennari, Jelena Mirković na Maryellen MacDonald waliwauliza watu maswali kuhusu picha, kwa Kiingereza, Kihispania na Kiserbia, wakachapisha matokeo yao mwaka 2012. Upande wa Kiingereza mwelekeo ulikuwa dhahiri: nomino inayoelezwa ikiwa ya binadamu, wasemaji hupendelea kutendwa, ikiwa ya kitu, kutenda hupata nafasi kubwa zaidi. Mfuko ulioshikwa na mwanamke ni rahisi kuuita mfuko ambao mwanamke ameushika, kwa sababu hakuna atakayedhani mfuko ndio ulioshika. Lakini mtu na mtu wakikutana katika tendo moja, kila mmoja anaweza kuwa mtendaji, na kutendwa humaliza utata mapema.

Msemaji wa Kiswahili anaijua shida hii kwa karibu zaidi. "Mwanafunzi aliyempiga mwalimu" ni nani? Anaweza kuwa mwanafunzi mtundu, na anaweza kuwa mwanafunzi aliyechapwa. Kiambishi cha nafsi, kirejeshi na kiambishi cha yambwa vyote ni vya ngeli moja kwa wote wawili, na kiima cha kishazi rejeshi kinaweza kukaa nyuma ya kitenzi. Kwa hiyo sarufi haisaidii. Muktadha ndio unaoamua. Anayetaka kueleweka husema "mwanafunzi aliyepigwa na mwalimu", na utata umekwisha. Mpangilio wa maneno wa Kiingereza hauna mtego huu, lakini msemaji wa Kiswahili huingia katika Kiingereza na tabia hiyo njema, akaandika "the student who was beaten by the teacher", kisha kalamu nyekundu ikamwadhibu kwa kuandika kama wenyeji wanavyosema.

Sisemi kwamba kila kutendwa katika kishazi rejeshi ni salama. Kiingereza hupenda kukikata kishazi hicho, kiwakilishi na kitenzi kisaidizi vikaondoka, na vitenzi vingi vina umbo moja kwa wakati uliopita na kwa kutendwa. Sentensi ya Thomas Bever ya mwaka 1970, "The horse raced past the barn fell", imewatesa wanaisimu kwa miaka mingi: msomaji hudhani farasi alikimbia, mpaka anapofika neno la mwisho ndipo agundue kuwa farasi alikimbizwa. Ikiwa kitenzi ni "driven" au "taken", utata huo haupo. Ushauri unaofaa hapa ni kurudisha yale maneno mawili yaliyokatwa kila umbo linapogongana, na kauli ibaki ileile.

Kosa halisi la wanafunzi wetu lipo kwingine kabisa. Kwa Kiswahili aliyepoteza ndiye kiima: nimeibiwa simu, amefiwa na mkewe. Ndipo inapozuka "I was stolen my phone", na katika kishazi rejeshi "the man who was stolen his phone". Kiingereza kinamtaka mtu huyo aingie kwa umiliki, "the man whose phone was stolen", na kwa aliyefiwa hakuna kutendwa hata kidogo: "the man whose wife died". Hili linahitaji vipindi kadhaa vya kufundishwa, ila amri ya kuepuka kutendwa hailigusi.

Inabaki tuhuma kubwa, ile inayohusishwa na Orwell na wafuasi wake: kutendwa humficha mkosaji. Tuhuma hii ni ya kweli nusu. Mwaka 1987, katika hotuba yake ya mwaka mbele ya Bunge la Marekani, Rais Ronald Reagan aligusia sakata la silaha za Iran kwa maneno "serious mistakes were made in trying to do so". Watu wamecheka kitenzi kikuu, wakakisahau kishazi kilichofuata. Kujaribu kunamtaka mwenye kujaribu, na sarufi inamtafuta kwa mtendaji yuleyule ambaye hakutajwa. Wanaisimu hulieleza jambo hilo kwa meli iliyozamishwa ili kuchukua fedha za bima. Sema meli ilizamishwa ili kuchukua fedha za bima, na msikilizaji anajua kuna mtu mwenye nia. Sema meli ilizama ili kuchukua fedha za bima, na sentensi imeharibika. Kwa hiyo kutendwa hakumfuti mtendaji kama kitenzi "kuzama" kinavyomfuta. Kunamwacha bila jina, na kishazi tegemezi kinaendelea kumshuhudia.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana kirahisi. Chukua tangazo la ofisi: "The committee will meet the families that were moved from land that was sold in error." Kitenzi kikuu kiko katika kutenda, kinang'aa. Sasa kanusha: kamati haitakutana na familia hizo. Ardhi bado iliuzwa, na bado iliuzwa kwa makosa. Kukanusha hakukuvigusa vishazi rejeshi, kwa sababu mambo yaliyomo yametangulizwa kama yaliyokwisha kukubaliwa. Mwandishi ameyapenyeza madai mawili mazito bila kuyadai, na aliyeuza hayumo popote. Hapa ndipo ninapoungana na Orwell. Hata hivyo, kuvigeuza vitenzi kuwa vya kutenda hakuondoi udanganyifu. "Land that officials sold in error" bado inalazimisha tukubali kwamba yalikuwa makosa. Dawa ni kulitoa dai katika kishazi tegemezi na kulipa sentensi yake yenyewe, ili msomaji aweze kulikataa.

Waandishi wa vitabu vya kiada wangeanza kwa kuyaacha yale mazoezi ya kugeuza sentensi kumi zisizohusiana kutoka kutenda hadi kutendwa. Wampe mwanafunzi kishazi kikuu, wampe tukio la kukiunganisha nacho, wamwache achague kauli na kuutetea uchaguzi wake. Nao wasahihishaji, kabla ya kuukata mkono wa mwanafunzi kwa sababu ya kitenzi kimoja, wasome sentensi mpaka nukta.