Kiini na Weupe: Mbao za Ujenzi katika Nchi ya Mchwa

Msafiri Richard Burton alipopita Ugogo, eneo la Dodoma ya leo, mwaka 1857, na Henry Stanley baada yake mwaka 1871, wote wawili waliandika juu ya nyumba zilizoinama chini kama zinazojificha: tembe, mistari mirefu ya vyumba iliyozunguka ua wa ng'ombe, paa lake bapa likiwa limefunikwa udongo. Macho ya wageni yaliishia kwenye udongo, ilhali nyumba ile hasa ni kazi ya miti.

Hebu tupige hesabu ya paa lile. Udongo wa unene wa sentimita 15, ukiwa mkavu, huweka zaidi ya kilo 200 juu ya kila mita ya mraba, na mvua ikinyesha uzito unaongezeka. Kuta za fito na udongo haziwezi kubeba mzigo huo, wala hazikukusudiwa kuubeba. Zinazobeba ni nguzo zenye panda juu, ambazo juu yake hulazwa boriti, juu ya boriti fito, kisha majani, kisha udongo. Ukuta ni wa kukinga upepo na macho ya watu tu. Kwa hiyo nguzo moja ikiharibika inaweza kubadilishwa bila kubomoa nyumba. Naona huu ndio werevu mkubwa wa tembe. Mjenzi alijua kwamba mti utakufa siku moja, akaacha nafasi ya kuuhudumia.

Adui wa mti katika Dodoma ni mchwa kuliko mvua. Mji uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka ni kati ya milimita 550 na 600, karibu yote ikinyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi. Mbao iliyo juu ya paa hukauka na kutulia. Hatari iko pale nguzo inapoingia ardhini, ambapo mchwa hupanda gizani bila mtu kuwaona hadi siku nguzo inapobonyea kwa kidole.

Hapo ndipo inapokuja tofauti ya kiini na weupe. Mpingo, unaomea katika vichaka vya nyanda hizi, una kiini cheusi kizito kiasi cha kuzama majini, na kukizunguka kuna tabaka jembamba jeupe. Mchwa hulila tabaka lile na kukiacha kiini. Kwa hiyo nguzo ya mpingo haipimwi kwa unene wake wote bali kwa unene wa weusi wake. Mbuyu nao, mti unaotambulisha Dodoma kuliko wowote, hautoi mbao hata kidogo: ndani yake ni nyuzi na maji. Ukubwa wa mti haukuambii lolote kuhusu nguvu ya mbao zake.

Ukielekea magharibi, kupita Manyoni hadi Tabora, vichaka vinaachia miombo, na hapo ndipo nyumbani kwa mninga na mkora. Kwihara, karibu na Tabora, ilikuwa na tembe ambamo Livingstone na Stanley waliishi mwaka 1872. Wafanyabiashara wa pwani walioweka makao huko hawakubeba boriti za mikoko kutoka Rufiji. Walichukua umbo la nyumba ya bara, wakaleta mkono wao kwenye milango ya kuchonga.

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Wajerumani waliilaza juu ya mataruma ya chuma, na mchwa walikuwa sababu mojawapo. Treni ikaleta mabati, na mabati yakabadilisha swali lote la mbao. Paa jepesi halihitaji tena nguzo nene zenye panda. Linahitaji kenchi na papi, mbao nyembamba zilizonyooka, zilizopasuliwa kwa vipimo. Fundi aliyekuwa akichagua mti ukiwa bado umesimama porini sasa anachagua ubao uliokwisha kupasuliwa, na ukishapasuliwa ni vigumu kujua asili yake.

Kulikuwa na jaribio la kuziba pengo hilo la ujuzi kwa maandishi. Mwaka 1967, kitengo cha matumizi ya mazao ya misitu kilichokuwa Moshi kilitoa kitabu cha J. M. Bryce juu ya mbao za biashara za Tanzania, kikieleza sifa za mti mmoja mmoja. Miaka sita baadaye, 1973, chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mamlaka ya kuustawisha mji ikaundwa mwaka huohuo. Mji mkuu ulihitaji mbao nyingi kuliko vichaka vya Ugogo vingeweza kutoa. Mwaka huohuo ulianza pia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa sababu mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa umekwisha kuonyesha gharama ya ardhi iliyovuliwa miti.

Kuhama huku kwa makao makuu kuna jambo dogo ambalo maseremala wanalijua na wengi wetu hatulijui. Mbao iliyotulia Dar es Salaam hubaki na unyevu wa karibu asilimia 14 au 15, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu. Ukiileta Dodoma wakati wa kiangazi inaendelea kukauka, pengine hadi kufikia asilimia 10 au chini. Mlango uliobana vizuri pwani unaacha mwanya, viungo vinafunguka, ubao mpana unapasuka katikati. Mninga hupungua kidogo sana unapokauka, na kwa sababu hiyo umependwa kwa fremu na milango. Lakini hata huo uachwe utulie hapahapa kwa wiki kadhaa kabla ya kuchongwa.

Leo kenchi nyingi za Dodoma ni za paini kutoka mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini, hasa Sao Hill, Mufindi. Sina ugomvi na paini. Ni nyepesi, hunyooka, hukua haraka, na kwa kuitumia hakikatwi kitu mwituni. Ila haina kiini cha kujitetea: kinga yake ni dawa iliyoingizwa kwa shinikizo, na dawa hiyo hukaa zaidi kwenye tabaka la nje. Ukikata ncha bila kuipaka dawa upya, umewafungulia mchwa mlango. Mbao iliyopakwa oili chafu kwa brashi si mbao ya dawa, ingawa rangi yake inaweza kumdanganya mnunuzi.

Kinachonisumbua ni michanganuo ya ujenzi ninayoisoma. Inaandika "mbao ngumu, 2 kwa 6" na kuishia hapo. Mti gani? Kiini, au pamoja na weupe wake? Umekauka kiasi gani? Utagusa ardhi au utakaa juu ya zege? Mjenzi wa tembe alikuwa na majibu ya maswali haya yote bila karatasi, na sisi wenye karatasi tumeyaacha. Mbao ya mninga yenye weupe mpana pembeni inauzwa kwa jina la mninga, na upande ule mweupe bungua huanza kuutoboa mapema, unga ukimwagika sakafuni huku mwenye nyumba akidhani amelipia mti usioliwa.

Na mninga wenyewe haupatikani tena kama zamani. Novemba 2022, mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama uliiweka jamii ya mninga na ya mkora za Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mninga haupandwi mashambani kama paini, na hukua polepole mno. Ule unaoangushwa leo ukiwa umekomaa, wenye kiini cha kutosha ubao wa mlango, pengine ulichipua kabla treni ya kwanza haijafika Dodoma.