HISTORIA YA DAWA, SEHEMU YA 4: Sindano ya damu iliyoanzia kwenye mkojo

Juzi dada mmoja alimleta mumewe kusafishwa damu. Akaona nimeshika sindano ndogo, akaniuliza, "Nesi, hiki kidude kweli kinaongeza damu?" Nikamwambia ndiyo, ila chenyewe si damu. Ni ujumbe.

Iko hivi. Ndani ya mifupa kuna uboho, na humo zinakaa seli shina, mama wa seli zote za damu. Watoto wake wanaotakiwa kuwa chembe nyekundu hawakui vizuri bila protini moja iitwayo erithropoietini, kwa kifupi EPO. Figo ndizo zinaitengeneza zikihisi oksijeni imepungua. Figo zikifa, ujumbe unakatika na damu inashuka.

Mwaka 1906 huko Paris, Paul Carnot na Clotilde Deflandre walimtoa sungura damu, kisha wakachukua majimaji ya damu yake wakamchoma sungura mzima. Chembe nyekundu za yule mzima zikapanda. Wakajua kuna kitu humo, lakini ni kitu gani?

Mwaka 1955 Eugene Goldwasser wa Chuo Kikuu cha Chicago akaanza kukitafuta. Mwaka 1957 yeye na wenzake wakaonyesha kinatoka kwenye figo. Akahangaika na damu ya kondoo miaka na miaka, anapata kidogo mno.

Msaada ukatoka Japani. Daktari Takaji Miyake wa Kumamoto alikuwa na wagonjwa ambao uboho wao umegoma kutengeneza damu. Mwili wao unaita na kuita, hivyo EPO ilijaa mpaka ikatoka kwenye mkojo. Ukakusanywa mkojo lita 2,550, ukakaushwa, Miyake akaupeleka Chicago. Mwaka 1977 wakatangaza wameipata EPO safi, miligramu chache tu!

Hizo chache zikatosha kufungua njia. Mwaka 1983 Fu-Kuen Lin, wa kampuni ya Amgen kule California, akaipata jeni yake ya binadamu. Jeni ikaingizwa kwenye seli za hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, nazo zikawa zinatengeneza EPO ya binadamu kwa wingi. Mwaka 1989 Marekani ikairuhusu. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa figo waliishi kwa kuongezewa damu mara kwa mara. Leo hata watafiti huitumia maabara kuzikuza seli shina ziwe chembe nyekundu.

Sasa sikieni jamani, maana hapa ndipo watu wanapotea. Mama mjamzito, ukiambiwa damu imepungua, usiende kutafuta sindano hii mtaani. Mara nyingi figo zako ziko sawa, ujumbe unafika, kinachokosekana ni madini ya chuma. Kunywa vidonge ulivyopewa kliniki, na urudi kupimwa. EPO bila sababu inaweza kufanya damu iwe nzito, igande, ulete kiharusi ndani ya nyumba. Na hata anayestahili kuipata, bila madini ya chuma haimsaidii sana. Ujumbe umefika, unga haupo, ugali utapikwa na nini?

Yule dada alicheka aliposikia habari ya mkojo. Halafu akauliza, "Hao wagonjwa wa Japani, wao walipona?" Nikakosa jibu. Majina yao hatuyajui, ila mume wake alipata sindano yake siku ile.

Nesi wenu.