Mchanganyiko wa Watu wa Masasi na Newala: Fundisho la Historia

Wapo wanaoamini kwamba makabila mengi yakikaa mahali pamoja hayana budi kugombana. Historia ya Masasi na Newala inatufundisha vingine. Katika wilaya hizo Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wamechanganyika kwa zaidi ya miaka 100. Kada anayetaka kuelewa uhusiano wao asianze kuuliza nani ni kabila gani. Aulize kwanza: nani aligawa nini, na alimgawia nani?

Mchanganyiko huo haukutokana na hiari. Katika karne ya 19 biashara ya utumwa iliyoelekea Kilwa na Lindi iliwatawanya watu wa kusini. Tusijidanganye: wapo wakubwa wa Kiyao na wa Kimakua walioshiriki unyonyaji huo kwa kuwauza wanyonge. Wengi wakakimbilia uwanda wa juu wa Makonde, wenye vichaka vizito vya kujifichia lakini usio na maji. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alileta Masasi, kutoka Unguja, watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, ambao asili zao zilikuwa mbalimbali. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huko Magwangwara, waliishambulia Masasi na kuchukua mateka. Kazi ya misheni ikahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Kiyao aliyetawala watu wa makabila tofauti.

Watu hawa waliwezaje kuishi pamoja? Msingi mmoja ulikuwa ukoo. Makabila yote manne yalifuata ukoo wa mama. Myao akioa Mmakonde, watoto walikuwa wa ukoo wa mama yao na mjomba wao alijulikana. Hapakuwa na ugomvi kuhusu watoto ni wa nani. Msingi mwingine ulikuwa jando na unyago, mafunzo yaliyojulikana na kuheshimiwa na majirani wote. Msingi wa tatu ulikuwa Kiswahili. Kwa njia hiyo mtu mmoja aliweza kuwa na lugha mbili au tatu, na jamaa katika makabila mawili, bila kujiona amegawanyika.

Ukoloni ulikuja na hesabu nyingine. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliufanya mto Ruvuma kuwa mpaka, Wamakonde wakajikuta chini ya mabwana wawili. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa moto, lakini Matola wa pili na Nakaam walisimama upande wa Wajerumani. Ni kosa kusema kwamba "Wayao walisaliti". Wakubwa wawili waliolinda vyeo na maslahi yao si kabila zima. Baadaye Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron aliyefika mwaka 1925, waliendesha utawala kwa kupitia wakuu wa kienyeji. Siasa hiyo ilitaka kila kabila liwe na mkubwa wake, hata kwa Wamakonde ambao hawakuwahi kuwa na mtawala mmoja. Kabila, lililokuwa jambo la lugha na mila, likageuzwa kuwa njia ya kupatia cheo.

Dini nayo ilipita humo humo. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, anakumbukwa kwa kuanzisha jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku jando. Alistahi utamaduni wa wananchi, na hilo tulikubali. Lakini matokeo yake yalikuwa na upande wa pili: vijana wa kijiji kimoja wangeweza sasa kuingia utu uzima kwa milango miwili, mmoja wa Kikristo na mmoja wa Kiislamu. Tofauti hiyo isingekuwa na uzito mkubwa kama shule nyingi zisingekuwa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu alilazimika kuchagua kati ya elimu ya mwanawe na hofu ya kumpoteza katika dini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitaifisha shule hizo, haikuzifuta dini. Iliondoa faida iliyoambatanishwa na dini.

Jaribio jingine lilitoka ng'ambo ya Ruvuma. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na hasa vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi wengi wa Msumbiji waliingia nchini. Wamakonde wa huko, wenye chale usoni, walikuwa wamezoea kuitwa Wamawia, jina lililotamkwa mara nyingi kwa dharau. Lakini vita vya FRELIMO viliwapa watu wa pande zote mbili adui mmoja na kazi moja. Yule aliyedharauliwa kwa chale zake akaonekana mpigania uhuru. Chale hazikubadilika; uhusiano ndio uliobadilika.

Fundisho ni hili. Tofauti za watu humtajirisha mtu pale zisipokuwa bei ya shule, ardhi au cheo. Zikifanywa bei, hata ndugu wa tumbo moja wataanza kuhesabiana. Kwa hiyo kada akiletewa shauri linaloitwa la ukabila au la udini, asikimbilie kuhubiri umoja. Achunguze mgao kwanza. Umoja unaohubiriwa juu ya mgao usio wa haki haudumu.