Simu ya "msaada wa benki": ipi ya kuamini?

Chai inayochumwa Kapsoit, kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu, husafiri mpaka kwetu Mombasa kupigwa mnada. Pesa zake hurudi bara kupitia benki, na siku hizi mkulima huziona kwanza kwenye simu. Matapeli nao wanaujua msimu wa bonasi.

Shemeji yangu ana duka Kapsoit na vichaka vichache vya chai. Mwaka jana alipigiwa na kijana mwenye adabu, anamwita "mzee". Alimtajia jina lake kamili na nambari ya kitambulisho. Akasema yuko kitengo cha ufundi cha benki, na programu ya simu itafungwa jioni ile isiporekebishwa. Punde ukaingia ujumbe wenye tarakimu sita. "Nisomee hizo, mzee." Akamsomea. Shilingi 46,000 zikaondoka.

Binti yake akachukua kadi ya benki, akapiga nambari iliyoandikwa nyuma. Mhudumu akaifunga akaunti papo hapo na kuwapa nambari ya malalamiko. Zilizotoka hazikurudi, zilizobaki zikaokoka.

Siku moja, "misaada" miwili. Mmoja ulimwibia, wa pili ulimwokoa. Tofauti ni nani aliyempigia mwenzake.

Walijuaje jina lake?

Wengi wetu hudhani anayejua nambari ya kitambulisho chetu lazima awe wa benki. Sivyo. Ni mara ngapi umeandika jina, kitambulisho na simu kwenye daftari la askari wa getini? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari hizo azitunze, lakini daftari liko wazi mezani. Tapeli anakuja na kila kitu isipokuwa funguo ya mwisho, nazo ni zile tarakimu.

Mhudumu wa kweli

Anaweza kukuthibitisha kwa maswali, kufunga akaunti, kufuatilia muamala uliokwama na kukupa nambari ya malalamiko. Hahitaji nambari yako ya siri wala tarakimu za uthibitisho. Hata akiwa mfanyakazi halisi, usimpe.

Anapatikana kwa nambari iliyo nyuma ya kadi au kwa kufika tawini. Usitafute nambari kwenye Facebook. Ukilalamika huko hadharani, wa kwanza kukujibu huenda akawa tapeli mwenye nembo ya benki yako.

Laini ikizimika ghafla

Wizi mwingine hauhitaji useme neno. Tapeli hubadilisha laini yako iwe kwenye kadi yake ya simu, kisha ujumbe wa benki humwendea yeye. Mulot, mji mdogo mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa mara nyingi na wapelelezi katika kesi za namna hii, ingawa mwizi anaweza kukaa popote, hata jirani yako.

Dalili yake ni mtandao kupotea ghafla ilhali wenzako wanao. Azima simu upigie benki kwanza, kisha kampuni ya simu. Wateja wa Safaricom wanaweza kujikinga mapema kwa kubonyeza *100*100#. Kampuni hiyo pia imetangaza kuwa huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee.

Ukishaibiwa

Usione haya; haya ndiyo inayompa mwizi muda. Piga benki ufunge akaunti, uandike saa na nambari ya malalamiko. Ujumbe wa utapeli upeleke 333 kwa Safaricom, ni bure. Ripoti polisi upate nambari ya OB, maana wizi huu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya mwaka 2018. Benki ikikuzungusha, malalamiko yako yaandike kwa Benki Kuu ya Kenya.

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tumelelewa kutomkatia mtu maneno. Tapeli anaishi kwa adabu hiyo hiyo. Akikupigia anayejiita wa benki, mwambie, "Ahsante, nitapiga mwenyewe," kisha ukate. Wa kweli hatakasirika. Waeleze na wazee nyumbani, kabla simu yao haijalia.