Kilo 185 za Baba

Hadi mwaka 1991, aliyetaka pikipiki ya mbio yenye injini kubwa alinunua na uzito wake. Yamaha FZR1000 ilizidi kilo 200 kabla hata ya kutiwa mafuta. Kwenye barabara iliyonyooka ilikuwa haikamatiki, lakini ikifika konani ilikuwa kama kumgeuza ng'ombe aliyegoma katikati ya ujia. Aliyetaka wepesi alishuka hadi cc 600, na nguvu akaiacha dukani.

Suzuki walikuwa wameonyesha njia mwaka 1985. GSX-R750 yao ilikuwa na fremu ya aluminiamu na injini iliyopozwa kwa oili badala ya maji, na bila mafuta ilisoma kilo 176. Kadiri miaka ilivyopita, nayo ikanenepa.

Ndipo akaja Tadao Baba. Jina hilo lisikudanganye, ni la Kijapani, ingawa wanaoienzi kazi yake wangemwita hivyo hata kwa Kiswahili. Aliingia Honda mwaka 1962 akiwa kijana wa miaka 18, na hata alipopewa kuongoza mradi aliendelea kuzijaribu pikipiki zake mwenyewe, akijulikana pia kwa kuanguka nazo. Swali lake halikuwa farasi wangapi waongezwe. Aliuliza ni nini kinaweza kutolewa.

CBR900RR FireBlade ilipotoka mwaka 1992 ilikuwa na cc 893, kiasi ambacho hakikulingana na daraja lolote la mashindano. Ilikuwa na farasi 120 na ushee, pungufu kidogo ya wapinzani wake wa cc 1000. Mizani ndiyo iliyowaumbua wapinzani hao: kilo 185 bila mafuta, karibu sawa na CBR600 ya Honda yenyewe. Gurudumu la mbele lilikuwa la inchi 16 badala ya 17, na bodi ya mbele ilitobolewa matundu ili upepo usiifanye ngumu kugeuka. Matundu hayo, kwa macho yangu, hayakuipendezesha hata kidogo.

Yamaha walichukua miaka sita kujibu, na jibu lao lilikuwa ndani ya injini. Katika injini za kawaida za silinda nne, krankishafti na shafti mbili za giaboksi hulala zikifuatana, hivyo injini inakuwa ndefu. Kunihiko Miwa na wenzake wakaipandisha shafti moja juu, zote tatu zikakaa kama mafiga. Injini ikafupika. Nafasi iliyopatikana wakaipa mkono unaoshika gurudumu la nyuma: ukiwa mrefu, tairi hutulia zaidi dereva anapofungua mafuta akitoka konani, na pikipiki nzima haikulazimika kurefuka. YZF-R1 ya 1998 ilikuwa na cc 998, farasi 150 na kilo 177. Mpangilio huo wa shafti umeigwa na karibu kila kampuni.

Kutoka hapo farasi waliongezeka hadi mkono wa binadamu ukashindwa kuwazuia. Mwaka 2009 BMW, ambao wengi waliwajua kwa pikipiki za wazee wa safari ndefu, walileta S1000RR yenye farasi 193, na kompyuta iliyopunguza nguvu pale tairi la nyuma lilipoanza kuteleza. R1 ya mwaka 2015 ikaongeza kifaa cha kupima jinsi pikipiki ilivyolala, ilivyoinua pua na inavyopinda.

FireBlade ya mwaka 2020, CBR1000RR-R, ina farasi zaidi ya 210. Ikiwa na mafuta na maji yake yote ina kilo 201. Ile ya Baba, ikijazwa vivyo hivyo, ilizidi kidogo tu hapo.